Damu Haipendi Safari

Nilikuwa nyumbani, Kamsamba, kwenye arobaini ya baba mdogo. Nimerudi Dar juzi usiku, vumbi la Bonde la Rukwa bado limo kwenye begi langu, na kichwani nimerudi na swali ambalo haliniachi nilale. Leo sitaandika siasa. Nataka niandike historia, historia ya jibu moja ambalo baba mdogo hakulipata.

Kwa wale ambao ramani ya nchi yao inaishia Chalinze, Kamsamba iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma unafika Mlowo, hapo unaiacha lami kuu na kushika barabara ya kaskazini. Ni kilomita 130 hivi. Unapita kwenye baridi na mashamba ya kahawa ya Mbozi, halafu ardhi inaanguka ghafla, unashuka milima na joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Chini huko ni mpunga, ng'ombe, mbu na mto Momba unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mkoa wenyewe ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mbeya. Wilaya ya Momba nayo ilikatwa kutoka Mbozi mwaka 2012.

Baba mdogo alikuwa mkulima wa mpunga. Miaka miwili kabla ya kifo chake daktari wa mjini alimwambia kuwa figo zake zimechoka, zimechoshwa na presha aliyoibeba miaka mingi bila kujua. Akapewa vidonge na karatasi ya vyakula vya kukwepa. Akarudi shambani.

Usiku mmoja, saa mbili hivi, binamu yangu alinipigia simu.

"Kaka, baba miguu imemwishia nguvu. Anasema kifua kizito. Tuko hapa zahanati."

Nikauliza swali ambalo mwandishi wa habari yeyote angeuliza. "Vipimo vinasemaje?"

"Malaria hakuna. Sukari iko sawa. Presha iko juu, lakini ndiyo hiyo hiyo yake ya siku zote."

"Na tabibu anasemaje?"

"Anasema twende Mbeya usiku huu huu. Kuna mwenye Noah anataka laki tatu na nusu."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi ndiye msomi wa ukoo. Nimesoma Mlimani, jina langu linatoka gazetini, kwa hiyo nikisema jambo hata wazee wananyamaza. Nikapiga hesabu: mvua zilikuwa zinanyesha, gari la kukodi usiku, milima, laki tatu na nusu. Vipimo viwili vimetoka safi. Nikasema, "Mpumzisheni. Alfajiri mtapanda basi."

Alfajiri haikumkuta. Saa tisa usiku moyo wake ulisimama, ghafla, kama taa inayozimwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Nimesoma usiku, ofisini, kwenye daladala. Nilitaka kujua ni kitu gani kinaweza kummaliza mgonjwa wa figo katika saa saba wakati malaria hana na sukari yake iko sawa. Na nilitaka kujua binadamu walianza lini kukijua kitu hicho, na kwa nini ujuzi huo umekwama kabla ya kushuka milima ya Mbozi.

Chumvi ya Ivuna na chumvi ya damu

Kutoka Kamsamba si mbali sana kufika Ivuna. Wazee wetu walichemsha chumvi pale kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, walioandika habari zake mwaka 1968, walionyesha kuwa kazi hiyo ina umri wa mamia ya miaka. Watu walitoka mbali kuifuata. Kwa hiyo sisi wa bonde lile tunajua thamani ya chumvi. Tusichojua ni kuwa damu nayo ina chumvi zake, na kwamba moja kati ya hizo inaua.

Inaitwa potasiamu. Imo kwenye ndizi, maharage, viazi, nyanya, parachichi, vyakula vyetu vyote vitamu. Sehemu kubwa kabisa ya potasiamu ya mwili inakaa ndani ya seli. Kwenye maji ya damu inatakiwa iwe kidogo tu, kati ya 3.5 na 5 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikizidi, figo huitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, inabaki. Inapanda taratibu, mgonjwa haumwi na chochote. Halafu misuli inalegea, miguu inakataa. Ikivuka 6.5 umeme wa moyo unaanza kuvurugika, na moyo unaweza kusimama wakati wowote, bila kuaga.

Miguu imeishiwa nguvu. Kifua kizito. Mnaona sasa kwa nini silali?

Koch na maji meusi

Figo kufa kwa ghafla si ugonjwa mgeni katika nchi hii. Wazungu waliokuja kututawala waliujua kwa jina la homa ya maji meusi. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi anakojoa mkojo mweusi kama kahawa, halafu mkojo unakatika kabisa, halafu anakufa. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na 1898 na kuuchunguza. Aliishuku kwinini, dawa ile ile waliyokuwa wakiinywa ili wapone.

Hebu tazameni kinachotokea katika ugonjwa huo, maana tutakihitaji mbele. Seli nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi. Rangi yao inamwagika na kuziba figo. Lakini kila seli inayopasuka inamwaga pia potasiamu iliyokuwa ndani yake. Yaani mlango wa kutokea unafungwa saa ile ile mzigo unapoongezeka. Koch alikuwa na hadubini, aliweza kuhesabu vijidudu. Hakuwa na njia ya kupima potasiamu ya mgonjwa aliyelala mbele yake.

Kemia ya figo yenyewe ilikwishaanza. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa London aliandika juu ya wagonjwa waliovimba mwili, na kipimo chake kilikuwa cha kitandani hasa. Alichukua mkojo kwenye kijiko, akauchemsha juu ya mshumaa. Ukiganda kama ute wa yai, figo zinavuja. Kijiko na mshumaa, basi! Mwaka 1847 Justus von Liebig aliipa jina kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa. Mwaka 1886 Max Jaffe aligundua kuwa kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki inatoa rangi ya chungwa. Maabara nyingi duniani bado zinatumia rangi hiyo ya Jaffe kupima figo.

Lakini angalieni kilichotokea. Kadiri vipimo vilivyokuwa bora, ndivyo vilivyoondoka kitandani. Kijiko cha Bright kilikaa mkononi mwa daktari. Rangi ya Jaffe ilihitaji chumba, chupa, mtaalamu na muda. Mgonjwa akabaki wodini, damu yake ikaenda kwingine. Hapo ndipo umbali ulipozaliwa.

Vita inafundisha

Inasikitisha kusema, lakini aliyeurudisha ujuzi huu karibu na mgonjwa alikuwa vita.

Mwaka 1941 ndege za Hitler zilikuwa zikiipiga London. Daktari Eric Bywaters aliona jambo la ajabu. Watu waliofukuliwa kutoka kwenye vifusi wakiwa hai, wamepondwa miguu tu, walionekana kupata nafuu, kisha walikufa siku chache baadaye. Figo zao zilikuwa zimekwisha. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga sumu zake kwenye damu.

Uholanzi, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, kijana Willem Kolff alitengeneza mwaka 1943 mashine ya kusafisha damu kwa kutumia ngozi bandia ya kufungia soseji. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Septemba 1945 mwanamke wa miaka 67 alizinduka. Huyo ndiye wa kwanza kuokolewa na figo ya bandia.

Kisha ikaja vita ya Korea, na hapa naomba msome polepole. Katika Vita Kuu ya Pili, wanajeshi waliojeruhiwa na figo zao kufa walifariki takriban tisa katika kila kumi. Mwaka 1952 jeshi la Marekani lilifungua kituo cha figo huko Wonju, karibu na uwanja wa mapambano, chini ya daktari Paul Teschan. Majeruhi waliletwa kwa helikopta. Walikuwa na mashine ya Kolff iliyoboreshwa, na walikuwa na kitu kingine ambacho filamu hazikionyeshi: kifaa cha kupima chumvi za damu kwa moto. Unainyunyiza damu iliyochanganywa na maji kwenye mwali. Sodiamu inawaka njano, potasiamu inawaka zambarau, na mashine inasoma ukali wa rangi. Kazi iliyokuwa ikichukua saa nyingi za mkemia ikawa ya dakika.

Vifo vilishuka hadi kama nusu. Nusu bado ni wengi, nakubali. Lakini fikirini, kutoka tisa katika kumi hadi watano, kwa sababu madaktari waliweza kuiona potasiamu ikipanda, wakachukua hatua kabla moyo haujasimama. Hawakuisubiri maabara ya Tokyo, waliihamisha maabara ikamfuata majeruhi.

Mwaka huo huo wa 1952, Copenhagen ilikumbwa na polio. Watoto walikuwa wanakufa kwa kushindwa kupumua. Daktari Bjørn Ibsen aliamua wapuliziwe hewa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana kubana mifuko ya hewa. Wangejuaje kama hewa inatosha? Poul Astrup, mkuu wa maabara ya hospitali, akawa anapima asidi ya damu za watoto wale na majibu yanarudi haraka. Kutokana na kazi ile zilizaliwa mashine za kupima damu zinazokaa ndani ya wodi za wagonjwa mahututi.

Kutoka moto hadi kiganja

Moto hauwezi kuuweka mfukoni. Kilichofungua njia ni elektrodi. Mwaka 1956 Leland Clark wa Marekani alieleza elektrodi inayopima oksijeni, na mwaka 1962 akaonyesha jinsi ya kupima sukari kwa njia hiyo. Kwa potasiamu jibu lilitoka udongoni. Kuna dawa inaitwa valinomisini, inatengenezwa na bakteria wa kwenye udongo, na umbo lake lina kishimo ambacho potasiamu inakaa ndani yake vizuri kuliko sodiamu. Katika miaka ya 1960 Wilhelm Simon na wenzake huko Zurich waliiweka kwenye utando, na utando ukawa unaijua potasiamu na kuipuuza sodiamu. Moto ukazimwa.

Mwaka 1992 kampuni ya i-STAT ya Marekani ilileta sokoni mashine ya kushikwa kiganjani. Unaweka matone mawili matatu ya damu kwenye katriji ndogo, unaichomeka, na baada ya dakika mbili unasoma sodiamu, potasiamu, sukari, urea. Katriji zilizofuata ziliongeza kreatinini. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilinunuliwa na Abbott.

Kutoka kijiko cha Bright hadi kiganja ni miaka 165. Kipimo kilikuwa kimerudi kitandani.

Na Tanzania? Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, kwa ushirikiano wa serikali na Abbott Fund, mfuko wa hisani wa kampuni hiyo hiyo. Kabla yake nchi nzima haikuwa na mafunzo ya udaktari bingwa wa dharura. Mwaka huo huo chuo cha MUHAS kilianza kuwafundisha, na wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Novemba 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Mbeya nako damu inasafishwa siku hizi. Mwaka 2021 zilikuja fedha za mkopo wa IMF, zile trilioni 1.3 tulizoziandika sana magazetini, na sehemu yake ilijenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi nchini.

Hayo ni mambo makubwa na siyabezi. Nimeyaandika mwenyewe kwa fahari. Ila yote yako juu ya mlima.

Kwa nini damu haitumwi kwa bodaboda

Sasa tufike kwenye hoja yangu. Msomaji mwerevu ataniuliza: si mnatuma makohozi ya kifua kikuu kwa pikipiki? Si damu za watoto za kupima VVU zinakaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa hadi mjini? Kwa nini damu ya mgonjwa wa figo isiwekwe kwenye boksi la barafu ikapelekwa Vwawa, jibu likarudi kwa simu?

Kwa sababu potasiamu haisafiri. Kumbukeni maji meusi ya Koch. Ndani ya seli nyekundu kuna potasiamu nyingi sana kuliko ile iliyo nje. Kila seli ina pampu ndogo inayoirudisha ndani, na pampu hiyo inakula sukari na kuhitaji joto la mwili. Ukiiweka damu kwenye boksi la barafu pampu inalala, potasiamu inavuja nje. Ukiitikisa kilomita 130 za barabara ya vumbi, seli zinapasuka, inamwagika. Damu iliyoondoka Kamsamba na 4 inaweza kufika mjini na 7. Daktari atasoma kwamba mtu anakufa kumbe ni mzima. Au mbaya zaidi, ataizoea hiyo saba ya uongo, na siku saba ya kweli itakapofika ataipuuza.

Kwa kipimo hiki, kijiji kilicho mbali na maabara hakina hata jibu la kuchelewa. Labda mgonjwa aende kwenye mashine, ama mashine imfuate mgonjwa.

Mashine ndogo ipo. Kwa nini isishuke bondeni? Niliyasoma maelekezo ya mashine hizi, na moyo wangu ukapoa. Katriji za i-STAT zinatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zikitoka nje, nyingi zinadumu siku 14. Mashine yenyewe inafanya kazi kwenye joto la nyuzi 16 hadi 30, likizidi inagoma. Wanakamsamba wenzangu mtacheka, maana sisi nyuzi 30 tunaiita baridi. Linganisheni na kile kipimo cha haraka cha malaria, ambacho aina zake nyingi zinavumilia hadi nyuzi 40, hazitaki umeme wala friji, tone la kidole tu. Ndiyo maana kimo katika zahanati za bondeni na hiki cha figo hakimo. Kipimo cha malaria kilitengenezwa kwa kufikiria watu kama sisi. Hiki kilitengenezwa kwa kufikiria wodi yenye kiyoyozi.

Vipo pia vipimo vya kreatinini vya tone la kidole, majibu ndani ya sekunde 30. Vinasaidia kujua kama figo zinafanya kazi, lakini potasiamu havionyeshi. Na hata mashine ikionyesha potasiamu, lazima mkono uwe mwepesi. Ukikikamua kidole sana seli zinapasuka na namba inadanganya pale pale kitandani, na mashine nyingi za damu nzima hazina namna ya kukuonya kirahisi.

Basi tukate tamaa? Hapana. Ipo mashine ya ECG, inaonyesha mawimbi ya moyo, na potasiamu ikipanda mara nyingi mawimbi fulani yanakuwa marefu na makali kama hema. Si kipimo kamili, kuna mioyo inayoficha siri hadi dakika ya mwisho, lakini haihitaji friji wala katriji. Ipo sindano ya kalsiamu, inaulinda moyo kwa nusu saa hadi saa moja. Ipo insulini na glukosi, na salbutamoli ile ile ya wenye pumu, zinairudisha potasiamu ndani ya seli kwa saa kadhaa. Hakuna kinachoiondoa mwilini hapo, mwisho wa safari ni mashine ya kusafisha damu. Lakini saa kadhaa ndizo hasa zinazohitajika kutoka Kamsamba hadi Mbeya.

Na msidhani haya ni ya bondeni tu. Utafiti uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa watu wazima 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na mjini walikuwa wengi kuliko vijijini. Wengi wao hawakujua. Wewe unayesoma hapa Sinza au Mikocheni, ukiwa na mama mwenye presha au baba mwenye kisukari, habari hii ni yako.

Alichoniambia tabibu

Siku ya arobaini, baada ya ubwabwa, nilitembea hadi zahanati kumtafuta yule tabibu. Ni kijana wa rika langu. Nilimkuta anajaza daftari. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye niliyekataa gari.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Mimi usiku ule niliiona miguu. Ninyi mlikuwa mnasubiri namba."

Nikamuuliza kwa nini hakunilazimisha. Akasema alimwambia binamu mara tatu. "Lakini mtu wa Dar akishasema kwenye simu, mimi nani?"

Sikuwa na la kujibu. Nilitazama mezani kwake. Boksi la vipimo vya malaria. Mashine ya sukari. Mashine ya presha. Ndizo alizonazo, na kila moja inatoa jibu ndani ya dakika chache. Ndipo nikaelewa kosa langu lilikotoka. Tumezoea majibu ya haraka kiasi kwamba tukiambiwa malaria hakuna, sukari sawa, tunasikia "mzima". Kumbe tumeambiwa tu kwamba magonjwa mawili hayapo. La tatu halikuulizwa, maana hapakuwa na cha kuliulizia.

Nilikwenda Kamsamba nikiwa na hasira na serikali, na barabara, na wazungu wenye friji zao. Hasira hiyo bado ninayo, na nitaiandika gazetini, maana haiwezekani mkulima afe kwa chumvi ambayo daktari wa Wonju aliisoma kwenye moto mwaka 1952. Watu wanaotengeneza vipimo watengeneze kimoja kinachovumilia joto la Rukwa. Wanaopanga bajeti waweke ECG na kalsiamu kwenye vituo vya afya vilivyo mbali, na walipe mafuta ya gari la wagonjwa. Mgonjwa wa figo aandikwe kwenye daftari la kijiji, ili akilegea miguu kila mtu ajue kwamba gari linaondoka saa hiyo hiyo.

Lakini sehemu nyingine ya hasira inanirudia mimi. Kulikuwa na kipimo usiku ule, na kilikuwa kitandani. Kilikuwa ni macho ya tabibu aliyesoma, akamtazama mgonjwa, akasema ondokeni sasa. Jibu lake lilitoka kwa wakati. Mimi ndiye nililikataa kwa sababu halikuwa na tarakimu.

Baba mdogo alizikwa juu ya kilima kidogo, mahali ambapo mafuriko ya Momba hayafiki. Kwenye cheti chake hakuna namba ya potasiamu na haitakuwepo kamwe.

Wewe mwenzangu uliyesoma, unayepigiwa simu usiku na watu wa kwenu, siku wakikueleza vipimo, uliza pia tabibu ameona nini. Kisha msikilize. Laki tatu na nusu utakopa.

Tutafakari pamoja. Usiku mwema.